Mashahidi Watatu wa Mwaka wa Kadi

Zomba, 4 Juni 2001

Shangazi yangu Falesi,

Umeamkaje? Mimi nimefika salama. Huku Zomba manyunyu hayakatiki na baridi inaingia mpaka kwenye meno. Tuko walimu ishirini na sita wa historia na maarifa ya jamii, tumetoka wilaya zote, tunalala bwenini kama wanafunzi. Ninayelala naye chumba kimoja anatoka Karonga, na anafundisha hata usingizini.

Semina ni ya wiki kumi na moja. Wakufunzi wanasema tumezoea kuwakaririsha watoto vita vya Ulaya, na nyumba iliyoungua nyuma ya shule zetu wenyewe hatujui iliunguaje. Kwa hiyo kila mwalimu anatakiwa aandike jambo moja lililotokea kwao, kutoka midomoni mwa watu waliokuwepo. Mashahidi wasipungue watatu. Wakikubaliana, kazi inapokelewa. Kazi nne bora zitachapwa kitabu cha kugawiwa mashuleni nchi nzima, na walioziandika watafanywa wakufunzi wa walimu wenzao wilayani. Nafasi kama hii, shangazi, haijawahi kufika Chidothi.

Nimechagua mwaka wa kadi, ule wa sabini na mbili. Lameki Nyangulu alikataa kununua kadi ya chama kwa ajili ya dini yake, akajificha mlimani na mkewe na watoto, vijana wa chama wakamkuta, wakampiga akafa, na familia ikavukia Msumbiji isirudi tena. Darasani kwangu hakuna mtoto hata mmoja anayelijua jambo hili.

Wewe unaongea na kila mtu, na kila mtu anaongea na wewe. Niulizie wazee watatu swali moja tu: nani aliwaonyesha vijana wale maficho?

Na wewe mwenyewe ulikuwa na miaka kumi na miwili. Uliona nini?

Mwanao,
Mtisunge


Chidothi, 11 Juni 2001

Mtisunge mwanangu,

Mimi nimeamka, ila goti la kushoto limeamka baadaye. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza kwa furaha na ya pili kwa sababu mwandiko wako wa kiprofesa unanishinda, mimi wa darasa la nne. Mwalimu Mandala anayekushikia vipindi anasema watoto wako wamekuwa nyani. Mke wa katekista amenunua nywele za bandia, akiinama kuchota maji anazishika kwa mkono mmoja kama mtu anayeshika kofia kwenye upepo. Tumecheka mpaka tukasahau ndoo.

Haya, kazi yako. Nimeifanya siku mbili tu, na mandazi sikuacha kukaanga.

Wa kwanza Mai Dailesi, mkunga. Anasema ni Biziweki. Alikuwa mwenyekiti wa chama tawi hili, ndiye aliyeandika majina ya waliokataa kadi, na siku ile alitangulia mbele ya vijana kwenda mlimani. Wa pili Sitolo fundi cherehani. Naye Biziweki, na akaongeza kwamba alivaa koti la kaki. Wa tatu Biliati muuza pombe, nilimkuta hajalewa sana. Biziweki, anasema, nani mwingine? Watatu wamekubaliana kama vidole vya mkono. Semina yako imekwisha hiyo, rudi nyumbani.

Tena sikuishia hapo. Nimemuuliza Biziweki mwenyewe. Si ni jirani yangu wa ua kwa ua? Tangu mkewe afe kila asubuhi anakuja kununua mandazi mawili, moja anakula hapohapo, lingine anatia mfukoni. Nikamwambia babu, Mtisunge yuko Zomba anaandika historia, anataka kujua nani aliwachongea kina Lameki. Akatafuna kwanza. Ana meno machache siku hizi, kwa hiyo nilingoja sana. Kisha akasema, "Mwambie aandike wanavyosema watu." Akaaga, akaenda zake. Unaona? Mtu asiye na hatia angepiga kelele.

Mimi? Mimi nilikuwa mtoto, na mtoto anaona nini? Anaona miguu ya watu wazima.

Kula vizuri. Usikubali wakupe maharage kila siku.

Shangazi yako,
Falesi


Zomba, 23 Juni 2001

Shangazi,

Nimekimbia kukuandikia kabla hata ya chakula. Kazi yangu imesomwa mbele ya wote. Mkufunzi mkuu, mama mmoja mkali ambaye hajawahi kumsifu mtu, alivua miwani akasema hivi ndivyo historia inavyotakiwa kuandikwa, mashahidi watatu, jambo moja, jina moja. Imeingia kwenye zile nne. Wa Karonga hakunisemesha mpaka jioni kwa wivu.

Nimekutilia nakala humu, ina muhuri wa semina. Nimeandika jina la Mzee Biziweki wazi, kwa sababu tumefundishwa tusifiche. Nilisita kidogo. Nilikula mandazi pamoja naye utoto wangu wote, na mara nyingi lile la mfukoni alikuwa ananipa mimi. Lakini watu watatu wamesema.

Nakala ni yako wewe, uiweke sandukuni.

Hujanijibu ulikuwa wapi siku ile. Si kwa ajili ya kazi, nataka tu kujua.

Mtisunge


Chidothi, 2 Julai 2001

Mtisunge mwanangu,

Sandukuni! Mtoto wangu aandikwe Zomba, apigiwe muhuri, halafu mimi nimfungie sandukuni na nondo? Nilikwenda nayo kinuni. Mashine ya kusaga ilikuwa imeharibika, foleni ndefu, watu hawana la kufanya. Katekista akaisoma kwa sauti ile ya Ijumaa Kuu. Alipofika penye jina lako wanawake wakapiga vigelegele. Alipofika penye jina la Biziweki wakanyamaza.

Ngoja nikwambie lililofuata maana ni refu. Jonasi Nyangulu alikuwepo kwenye foleni, mdogo wake Lameki, unamjua, yule mwenye kibanda cha kutengeneza baiskeli. Akaomba karatasi aishike. Akaishika tu, akautazama ule muhuri. Halafu akaondoka nayo na unga wake hakusaga. Kesho yake chifu akaita baraza.

Jonasi amelipeleka jambo hili kwa chifu mara ngapi miaka yote hii? Kila mara chifu alimwambia hayo ni maneno ya kisimani, sitamhukumu mtu kwa maneno ya kisimani. Safari hii akaisoma karatasi, akaipindua nyuma kuona kama kuna zaidi, akasema sasa imeandikwa. Walimu wa nchi nzima wamekaa wakaipima wakaikubali, mimi ni nani? Akamuuliza Biziweki ana neno. Mzee akasimama na fimbo yake, akasema hana.

Basi wamemtoa. Unajua maana yake, lakini nitaiandika kwa sababu mkono wangu hautaki kuamini. Hakuna wa kumsalimu, hakuna wa kumpa moto wala chumvi. Msiba ukitokea kwake hakuna wa kwenda, na akifa mwenyewe wachimbaji wa kaburi hawatashika jembe. Atakayevunja amri atatozwa kuku. Mtu wa miaka sabini na minane, Mtisunge, anachoogopa si kufa. Anaogopa kulala juu ya ardhi wiki nzima na mlango umefungwa.

Biliati akasema haki imefika, imechelewa kama basi la Lilongwe lakini imefika. Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, kicheko si kinaambukiza.

Asubuhi yake mzee alikuja kama kawaida. Watu walikuwepo, wanatazama. Nikajifanya mafuta yananirukia, nikageuka. Alisimama kidogo, kisha akarudi kwake. Baadaye nikaweka mawili juu ya mti wa ua, kama mtu anayewasahau. Jioni yalikuwa bado yapo, na sisimizi.

Lakini wewe furahi. Hili halikuhusu, wewe umefanya kazi yako.

Shangazi yako,
Falesi


Zomba, 10 Julai 2001

Shangazi,

Nilikuomba uiweke sandukuni.

Sijalala vizuri tangu barua yako ifike. Na kuna jambo jingine. Wiki hii tumefundishwa kitu ambacho walipaswa kutufundisha siku ya kwanza. Shahidi akisema jambo, unamuuliza: uliona au ulisikia? Akisema nilisikia, unamuuliza: kwa nani? Unafuata hivyo hivyo nyuma mpaka ufike kwa aliyeona. Mkufunzi alituambia mashahidi ishirini wakiwa wamesikia kwa mtu mmoja, hao si ishirini, ni mmoja. Mimi sikuuliza. Nilihesabu tu watu.

Tafadhali nenda kwa Mai Dailesi, Sitolo na Biliati. Waulize kila mmoja peke yake. Kama kuna hata mmoja aliyeona kwa macho yake, nitanyamaza. Kama hakuna, nitairudisha kazi kabla haijakwenda kuchapwa, na chifu ataambiwa.

Fanya haraka, shangazi. Yule ni mzee.

Mtisunge


Chidothi, 17 Julai 2001

Mtisunge mwanangu,

Baridi imetupiga huku, unga wa mandazi hauumuki, nauweka juani nao unanitazama tu. Mbuzi wa mwalimu mkuu ameingia bustani ya kanisa, amekula kabichi zote za harambee, sasa hawajui wamshtaki mbuzi au mwalimu. Na mke wa katekista amemwazima dada yake zile nywele kwa arusi, zimerudi zimeungua upande mmoja.

Kuhusu wale wazee, nimepita pita. Dailesi alikuwa na mzazi. Sitolo masikio yake unayajua. Biliati nilimkuta amelala. Na kwa kweli, mwanangu, swali lenyewe ni la kipolisi. Unamuuliza mtu mzima uliona au ulisikia, si unamwambia muongo? Watu wameshasema. Kijiji kizima kinajua. Kitu kikijulikana na kila mtu hakina haja ya kutafutiwa mwenyewe.

Tena ukirudisha kazi utapoteza nafasi yako ya ukufunzi, kwa faida ya nani? Biziweki mwenyewe hakukana.

Anakohoa siku hizi. Ua wetu ni wa mabua, nasikia. Anakohoa, ananyamaza, na nikisikia amenyamaza sana naangusha sufuria kwa makusudi, naye anakohoa tena, nami naendelea na kazi. Ndiyo salamu yetu. Sufuria halitozwi kuku.

Falesi


Zomba, 26 Julai 2001

Shangazi,

Nilipoona barua yako imejaa mbuzi na nywele, nilimwandikia Mwalimu Mandala. Amewauliza mmoja mmoja, na majibu yake ninayo hapa mezani.

Mai Dailesi hakuona. Siku ile alikuwa Dedza kwa dada yake. Anasema alisikia kwa Falesi.

Sitolo hakuona. Hata lile koti la kaki hakuliona, ameambiwa. Na nani? Na Falesi, kisimani, wiki ileile.

Biliati anasema, "Muulize shangazi yake, sisi sote tulisikia kwake."

Mashahidi watatu, shangazi, na wote ni wewe.

Kazi inakwenda kuchapwa tarehe sita. Uliona nini?

Mtisunge


Chidothi, 30 Julai 2001

Mtisunge,

Hii isome peke yako, huyo wa Karonga asiione.

Mimi nilikuwa napeleka ugali wa nsima mlimani. Mama alinituma, jua likiwa utosini, kwa sababu Edina, binti wa Lameki, alikuwa rafiki yangu na mtoto akipita njia ile watu wanadhani anaokota kuni. Siku ya tano narudi na kikapu kitupu, nikawakuta vijana wa chama wamekaa barazani kwa Biziweki, anawapa togwa. Ilikuwa lazima awape. Mmoja, mrefu, ana mwanya, akaniita. Nikadhani atanipiga. Akaniuliza jina tu. Akaniuliza shule, rafiki zangu, nyimbo ninazozijua.

Kwetu tulikuwa tisa. Nikifungua mdomo ni Falesi nyamaza, Falesi kalete maji. Yule kijana hakuniambia ninyamaze. Aliweka chini kikombe chake akanitazama. Alikuwa mtu wa kwanza maishani mwangu kunisikiliza mpaka mwisho. Nikamwambia yote, mwanangu. Nilimwambia Edina analalia ngozi ya mbuzi, kwamba jiwe limepasuka na ndani kuna nafasi kama jiko, kwamba mtoto mchanga ana kikohozi na Lameki anamziba mdomo kwa kitenge. Hakunipa pipi wala hakunitisha. Ningependa sana kukuandikia kwamba alinitisha.

Biziweki alisimama na kata ya togwa mkononi, akasema mtoto huyu anaota, mwacheni aende. Wakamwambia mwenyekiti, tangulia wewe. Akatangulia, fimbo ya mmoja wao mgongoni mwake. Hayo niliyaona. Na kisimani kesho yake watu walipoulizana ni nani, nikasema Biziweki alitangulia. Huo si uongo. Wakaniacha niseme mpaka mwisho, watu wazima, wameweka ndoo chini. Nikaongeza koti.

Jana nilivuka ua. Nilimpelekea uji, na kuku watanitoza wakitaka. Amelala upande, amebaki mifupa. Nikamwambia babu, ulikuwepo, ulinisikia. Akasema, "Nilikuona. Ulikuwa na kikapu." Nikamuuliza mbona hukusema miaka yote hii, hata kwa chifu juzi. Akasema majina ya waliokataa aliyaandika yeye kwa mkono wake, mtoto hakuandika. Akasema, "Wangekufanya nini wewe? Mimi nilikuwa mtu mzima." Halafu akaomba maji, na uji hakuugusa.

Usiniseme, Mtisunge. Rudisha karatasi kama unataka, sema ulikosea, wewe una elimu utapata njia. Mimi nina mandazi na mdomo tu. Wakijua, nani atasimama getini kwangu?

F.


Zomba, 3 Agosti 2001

Shangazi,

Nimeirudisha. Nimemwambia mkufunzi sikuuliza mashahidi wangu walijuaje. Akasema afadhali umejua sasa. Lakini nafasi yangu kati ya zile nne wamempa wa Karonga. Sitamlaumu, yeye aliuliza.

Nimekuwa nikikufikiria ukiwa na kikapu. Nakuonea huruma wewe wa miaka kumi na miwili. Wewe wa mwaka huu siwezi. Ulinitazama nikimwandika, ukakaa kimya.

Semina inaisha tarehe kumi na nane. Siwezi kutoka kabla, nimeomba wamekataa. Nenda kwa chifu mzee akiwa hai. Usimtume katekista, wala usiandike. Nenda mwenyewe useme. Sitakusemea. Hii nampa dereva wa lori la mahindi aikabidhi mkononi mwako, upate kesho.

Mtisunge


Chidothi, 12 Agosti 2001

Mtisunge mwanangu,

Dereva alinipa Jumamosi ileile. Nakwambia ili usidhani barua ilichelewa.

Jumapili nilitoka kwenda kwa chifu. Nikamkuta mkewe anapepeta mahindi, akaniuliza habari za mbuzi wa mwalimu mkuu. Nikakaa. Tukaongea mpaka kivuli cha ghala kikafika miguuni, nikarudi. Jumatatu nilitoka tena, nikafika mpaka mlangoni, nikasikia ana wageni. Jumanne asubuhi niliangusha sufuria. Nikaangusha na lingine. Nikaangusha na mfuniko.

Nilivuka ua nikamfumba macho mwenyewe. Alikuwa na joto bado kwapani.

Safari hii sikukaa na mke wa chifu. Nilipita katikati ya ungo wake. Nikasema mzee amekufa, itisha baraza, nina neno. Jumatano wakaja, wengi, maana walijua kuna kuzikwa au kutozikwa. Jonasi alikuja na karatasi yako, ameifunga plastiki. Nikasimama. Nikasema yote kama nilivyokuandikia wewe, kikapu, kijana mwenye mwanya, ngozi ya mbuzi. Sikuongeza kitu. Mtisunge, nakuapia, mara hii sikuongeza hata koti.

Walinisikiliza mpaka mwisho. Halafu Biliati akacheka. Si vibaya, alicheka kama anavyocheka siku zote nikisimulia. Dailesi akasema Falesi amechanganyikiwa, amekaa na maiti peke yake. Sitolo akauliza amesema nini, wakampigia kelele sikioni kwamba Falesi anasema ni yeye, akatikisa kichwa. Jonasi hakucheka. Alinijia karibu, akasema polepole, "Kila arusi kijiji hiki lazima uwe jikoni, kila ugomvi uwe umeuona. Sasa hata kifo cha kaka yangu unataka kiwe chako?"

Nikamwambia Jonasi, Edina alikuwa na kovu la moto hapa kwenye kiwiko, nani mwingine anajua alilala wapi. Akasema kila mtu anajua lile kovu.

Chifu akaichukua karatasi, akaonyesha muhuri. Nikasema Mtisunge ameirudisha, amekosea, amesema mwenyewe. Akauliza barua yake iko wapi. Nilikuwa nayo kifuani. Lakini barua yako, mwanangu, haisemi kitu. Inasema umeirudisha, inasema mambo ya kikapu, haina muhuri. Akaisoma akanirudishia kwa heshima. Akasema mimi ni mama mwenye moyo laini, na amri ni amri.

Wachimbaji hawakushika jembe. Mwalimu Mandala alichimba, na katekista, akavua shati, watu wawili wasiozoea, udongo wa Agosti ni jiwe. Walianza Jumatano mchana wakamaliza Alhamisi magharibi, na kaburi halikufika kiunoni. Mimi nilibeba udongo kwa beseni la unga. Hakuna aliyeimba, kwa hiyo niliimba mimi, na sauti yangu unaijua. Tulimwingiza akiwa amekunjwa kidogo. Ijumaa nilirudi kuweka mawe kwa sababu ya mbwa.

Kuku sijatozwa. Chifu amesema nisamehewe, nimepatwa na huzuni. Mandazi yananunuliwa kama kawaida, watu wanasimama getini, wananiuliza habari, wananisukuma bega. Nilidhani watanikimbia. Nilijiandaa kwa hilo, niliandaa hata maneno. Hakuna. Nikisema jambo lile wananiambia haya mama, haya, na wanaomba chenji.

Najua umenikasirikia na sikuombi uache. Nakuomba kazi. Hao wakufunzi wako bado wana muhuri, na wewe una siku sita. Andika upya. Usiweke mashahidi watatu, weka mmoja. Andika jina langu lote, Falesi Nangwale, wa Chidothi, anauza mandazi getini kwake. Andika niliona kwa macho, nikasema kwa mdomo, na nikanyamaza mara mbili, mwaka ule na mwaka huu. Ipigishe muhuri, uniletee nimsomee Jonasi, maana kwa mdomo wangu hatasadiki kamwe, na yule pale chini kaburini hawezi kungoja Jonasi aelewe mwenyewe.

Umri wangu wa wakati ule najua wataudai. Uandike, lakini uuweke chini kabisa, msomaji aufikie akiwa ameshanihukumu.

Shangazi yako,
Falesi Nangwale